Sauti Kumi Kabla Maji Hayajaingia

HOMA BAY, Aprili 1998

Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, na juu ya tangi la maji la mji wa Homa Bay inaonekana nusu ya mwanamke. Nusu nyingine imeshaingia kwenye tundu la juu na inateremka ngazi ya chuma iliyoota kutu. Mgongoni amejifunga spika kwa leso, kama wenzake wanavyofunga watoto.

“Mzee, shika hiyo waya, usiachilie!” anapaza sauti kutoka ndani. Tangi linayarudisha maneno yake mara tano, kila mara yakiwa mazito zaidi, hadi unabaki mvumo tu.

Anayeambiwa hivyo ni Nyamweya, mlinzi wa tangi, mzee wa koti refu ambaye kwa karibu miaka miwili amekuwa akilinda zege tupu. “Nimeshika, Mama Joyline,” anajibu kwa uvumilivu. “Mimi nimeshika tangu saa kumi na moja.”

Mama Joyline huyo ni Robi Nchagwa, fundi wa redio mwenye umri wa miaka 31. Kibanda chake kiko karibu na soko la samaki, na huko ndiko anakopatia unga wa nyumbani. Lakini kinachompandisha mlimani Jumatatu hii ni kazi nyingine, ambayo hapa mjini huenda anaifanya yeye peke yake. Anatengeneza sauti.

Si nyimbo, wala si midundo. Ni ile milio mifupi, mizito, inayosikika nyuma ya muziki wa dub, yaani reggae iliyoondolewa mwimbaji ikaachiwa ngoma, besi na mwangwi. Kinanda kinagongwa mara moja tu, kisha mlio unaenda zake na kurudi, unaenda na kurudi, kila ukirudi umefifia kidogo. Wapiga kinanda huuita kordi, kwa kuwa ni noti kadhaa zilizobonyezwa kwa pamoja.

Robi anahitaji kordi kumi za namna hiyo. Anazo saba. Na Ijumaa saa nne asubuhi, kwa mujibu wa tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chifu, tangi hili litajazwa maji.

Tangi lilikauka katikati ya mwaka 1996, gugumaji liliposonga ziwani hadi likaziba mdomo wa bomba. Pampu ikavuta majani badala ya maji, ikaungua. Tangu hapo mji umekuwa ukiteka ziwani au kununua kwa wenye mikokoteni. Watu wamelia, wamechanga, wameandika barua, na sasa hatimaye pampu mpya imekuja. Mji mzima unangoja Ijumaa kwa furaha, na Robi naye anaingoja kwa furaha, ila anahesabu siku.

“Mimi pia nateka maji,” anasema akiwa amekaa juu ya tangi, akifuta kutu mikononi. “Mtoto wangu alilazwa wiki mbili na homa ya matumbo kwa sababu ya maji ya ziwa. Siwezi kusema maji isikuje. Nasema tu, hii chumba nitaipata wapi tena?”

Anachokiita chumba ni hili tangi. Hakuna ukumbi katika wilaya hii, wala kanisa, unaoshika mlio kwa muda mrefu hivyo. Robi aliwahi kuhesabu: piga kofi moja mle ndani, utasikia mkia wake kwa sekunde kumi na moja.

*

Mwenye kuzisubiri hizo sauti kumi anaitwa Cliff Mokaya, ana studio ndogo mjini Kisumu. Anarekodi vijana kwa vinanda vya umeme, kompyuta moja, na mashine inayohifadhi sauti ili ukibonyeza kidude itoke kama ulivyoiweka. Mwezi Februari alisikia kaseti ya Robi kwa mteja mmoja, akapiga simu hadi posta ya Homa Bay kumtafuta.

Swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu ule mlio uliokuwa ukiyumba kidogo, kama mtu anayetembea akisinzia. Alitaka kujua Robi ametumia mashine gani ya ng'ambo kuuyumbisha.

“Nikamwambia ni mpira wa baiskeli,” Robi anasema, na hapo kicheko kinamshinda.

Ndiyo kweli yenyewe. Kinasa sauti chake ni cha zamani, cha tepu inayozunguka kwenye rili mbili, alichokinunua chuo kimoja kilipokuwa kikitupa vitu vyake. Mkanda wa kuzungushia ulikatika zamani, naye akakata mwingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Haukazi sawasawa, kwa hiyo tepu inakwenda ikipepesuka. Fundi mwingine angeona haya. Robi aliusikia mlio wake, akauacha mkanda hapo hapo.

Mokaya akamwekea masharti mepesi kueleza, magumu kutimiza. Alete sauti kumi kabla Aprili haijaisha, kila moja ya namna yake. Akizileta, kiti cha fundi wa studio ni chake, kwa mshahara wa shilingi 4,500 kwa mwezi. Asipozileta, yupo kijana wa Nakuru anayekitaka.

Kwenye kibanda, wiki nzuri humpa Robi shilingi mia sita. Wiki mbaya humpa redio mbili ambazo wenyewe hawarudi kuzichukua. Mumewe, dereva wa lori, huonekana mwisho wa mwezi na husema nyumba yake ina kila kitu isipokuwa kimya.

“Si pesa tu,” Robi anasisitiza. “Miaka mitano watu wananiambia, Robi, hiyo kelele unapika itakupeleka wapi? Nataka siku moja niwaambie, imenipeleka Kisumu.”

*

Alizaliwa Ntimaru, kule Kuria, karibu na mpaka wa Tanzania, katika boma la mahindi na ng'ombe. Katika chuo cha ufundi cha kijiji aliandikishwa kushona. Cherehani zilikuwa nne na wasichana walikuwa ishirini na wawili, kwa hiyo alikuwa akingoja zamu yake dirishani, akitazama darasa la umeme lililokuwa jirani. Wiki ya tatu alihamia huko bila kumwuliza mtu. Alipokuja Homa Bay mwaka 1991, tayari alikuwa na uwezo wa kuifungua redio akiwa anazungumza na mwenye redio hiyo.

Muziki wa dub ulimfikia kama ugonjwa. Mwaka 1993, Yassir Osman, mfanyabiashara wa nguo aliyetoka Isiolo na kufungua duka mjini, alimletea dekki ya kaseti iliyokuwa imegoma. Robi aliitengeneza, kisha akacheza kaseti iliyokuwa imesahauliwa ndani ili aijaribu.

“Mwimbaji alianza vizuri, alafu akapotea,” anakumbuka. “Ngoma ikabaki. Kinanda ikapiga moja, ikaanza kujirudia yenyewe. Nikasema, ai, hii hedi imekufa.”

Hedi ni kile kichuma kidogo kinachosoma tepu. Robi akaisafisha kwa spiriti. Mwimbaji akapotea tena. Akabadilisha hedi. Kinanda kikajirudia vile vile. Akafungua mashine nzima mara ya tatu, akaipanga upya skrubu kwa skrubu, siku mbili zikaisha. Siku ya tatu akamwendea Yassir kichwa chini, kumwambia kwamba dekki yake imemshinda.

Yassir alisikiliza dakika moja, kisha akacheka hadi akashika meza. “Mama, hii iko sawa. Ni dub. Wamemwondoa mwimbaji makusudi.”

“Kwa nini waondoe mtu amelipwa?” Robi alimwuliza.

Yassir alimwachia kaseti. Robi aliisikiliza hadi tepu ikalegea. Na kadiri alivyosikiliza ndivyo jambo moja lilivyomsumbua: mlio ule aliujua. Alikuwa ameusikia utotoni.

Mjomba wake, Maroa, alikuwa mpigaji wa litungu, ala kubwa ya nyuzi ya Wakuria. Alikuwa na namna yake ya kuzigonga nyuzi kadhaa kwa mpigo mmoja, kisha kuzizima hapo hapo kwa kiganja. Boma lake lilikuwa ng'ambo ya mto. Jioni, nyuzi zile zilivuka bonde zikafika kwa akina Robi zikiwa zimepoteza ukali wote, umebaki uzito wake tu, na kilima kikizirudisha.

“Nikasema, hawa watu wa hii kaseti walisikia mjomba wangu wapi?”

Maroa alifariki mwaka 1994. Litungu lake lilibaki darini, likaliwa na mchwa. Robi hana hata dakika moja ya sauti yake, na hili hulisema akiangalia pembeni.

“Nilikuwa na mashine za kurekodi mezani kila siku. Za watu, lakini zilikuwepo. Nilienda nyumbani mara ngapi? Sikubeba hata moja. Hiyo inaniuma mpaka leo.”

Katika orodha ya sauti kumi, ya kumi ameiandika kwa jina: Maroa.

*

Ukimtazama akifanya kazi, huoni maajabu. Kinanda chake alikinunua kwa kwaya iliyokichoka, na noti kumi na tatu hazilii. Huzipita tu. Anachagua vidole vinne, noti za huzuni kidogo, anazibonyeza kwa pamoja na kuziachia papo hapo kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Mlio unapita kwanza kwenye kisanduku alichokiunda kwa vipuri vya redio kuukuu. Ndani yake mna kidude cha kuzungusha cha kupunguza ukali. Anakizungusha taratibu, na kordi inatoka kwenye ung'avu na kuingia kizani. Kisha inaenda kwenye mashine ya rili. Hapo hedi moja inarekodi, na nyingine, upana wa vidole viwili mbele, inasoma kilichorekodiwa punde hiyo. Robi ameziunganisha ili kinachosomwa kirudi kurekodiwa tena. Ndio mwangwi huo.

“Ukirudisha kidogo, inakufa haraka. Ukirudisha mingi, inakua, inakua, inaanza kupiga nduru,” anaeleza, kidole kikiwa juu ya kidude. “Mkono wangu ndio breki.”

Mwisho, sauti inashuka kwa waya hadi kwenye spika iliyo ndani ya tangi. Maiki, iliyoning'inizwa upande wa pili, inainasa ikiwa imeshazunguka kuta zote, na kuipeleka kwenye mstari wa pili wa tepu ile ile. Umeme wote unatoka kwenye betri ya gari ambayo Nyamweya humsaidia kuipandisha. Asubuhi ndiyo saa yake, kwa sababu mchana upepo wa ziwa hupuliza juu ya tundu na tangi lote huvuma.

Jumanne alipata ya nane, Jumatano ya tisa. Ya kumi ilimkataa. Aliijaribu mara kumi na moja, akibadilisha vidole, akisogeza maiki, akifunika spika kwa gunia. Kila mara alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa.

“Ni nzuri,” Nyamweya alimwambia.

“Ni nzuri, mzee, lakini si yeye.”

Alhamisi mvua ilinyesha kutwa nzima. Ikipiga juu ya tangi, mle ndani hata mawazo yako huyasikii. Robi alikaa chini ya mwavuli pamoja na betri yake hadi saa tano, kisha akashuka kibandani akiwa amelowa. Hakuna mteja aliyethubutu kumwuliza habari ya redio yake.

*

Ijumaa kulikucha kweupe. Robi alikuwa juu ya tangi saa kumi na mbili kamili. Alikuwa na saa nne, akajipangia kila dakika.

Saa mbili kasoro, bomba lililo chini ya tangi likatetemeka.

Nyamweya akateremka mbio kuangalia. Akarudi akihema. Pampu ilikuwa imewashwa mapema ili kujaribiwa kabla wakubwa hawajafika, na maji yalikuwa yameshapanda mlima. Yalikuwa yamesimama nyuma ya vali, naye alikuwa ameagizwa aifungue mara moja; ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Chini, kwenye mifereji, akina mama walikuwa wameshapanga madumu yao foleni. Wengine walipanda hadi juu ili wasikie kwa masikio yao maji yakiingia. Aliyewatangulia ni Roseline, mwenye hoteli iliyo jirani na kibanda cha Robi, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akinunua maji ya mkokoteni kupikia chai na samaki.

Nyamweya akamvuta Robi kando. “Mama Joyline, sikiliza. Naweza kuchelewesha. Nusu saa. Nitasema vali imekwama, imekaa sana. Nani atajua?”

Robi anakiri kwamba alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nusu saa ingetosha kwa majaribio sita, pengine saba, na Kisumu ilikuwa ndani ya mojawapo. Akaangalia chini, akayaona madumu. Lake mwenyewe, la njano lenye kifuniko cha gunzi, lilikuwa la nane kwenye foleni. Joyline, binti yake wa miaka tisa, alikuwa amelikalia akilinda nafasi.

“Fungua, mzee,” akasema.

“Na mashine yako iko ndani?”

“Fungua. Nitarekodi nayo hivyo hivyo.”

Akaivuta waya hadi spika ikaning'inia juu, karibu na tundu, na maiki pia. Akawasha rili. Wakati huo akina mama waliofika juu walikuwa wakiongea wote kwa pamoja, na mmoja alikuwa ameanza vigelegele.

“Yawa, jamani, nyamazeni!” Roseline akawakemea. Kisha akamgeukia Robi, anayemwita nyar Kuria, yaani binti wa Kuria, tangu siku aliyofungua kibanda. “Nyar Kuria, unataka kimya dakika ngapi?”

“Ishirini, mama.”

“Mmesikia? Ishirini. Mwenye mdomo aende akaungojee chini.”

Hakuna aliyeshuka, na hakuna aliyeongea.

Maji yaliingia kwa kishindo, yakapiga sakafu kavu, tangi likanguruma. Robi akangoja hadi sakafu ikafunikwa na ngurumo ikageuka kuwa mtiririko. Hapo akabonyeza vidole vinne, akaviachia.

Kordi ikashuka, ikagusa maji, ikarudi. Haikuwa ile ya Jumatano. Ilikuwa mbali. Ilikuja juu ya mtiririko, imepoteza ukali wote, ikitetemeka kidogo kwa ule mpira wa baiskeli, na ikarudi tena, na tena. Robi akabonyeza mara ya pili. Kufikia mara ya tatu machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini mkono wa kwenye kidude haukusogea.

“Mjomba alikuwa ng'ambo ya mto,” anasema sasa. “Miaka yote natafuta yeye, natafuta nyuzi, natafuta kilima. Kumbe ni mto nilikuwa nimesahau.”

Maji yalivyopanda, chumba kilizidi kuwa kidogo. Mkia wa sekunde kumi na moja ukawa tisa, ukawa sita, ukawa mbili. Robi hakusimamisha tepu. Aliendelea kugonga, kordi moja kila nusu dakika, hadi rili ikaisha kwa kupiga tap-tap-tap na uso wa maji ukawa shubiri moja chini ya spika. Nyamweya ndiye aliyeivuta waya.

Hapo ndipo Roseline alipoachia vigelegele vyake, na mlima mzima ukampokea.

*

Tepu ilifika Kisumu Jumatatu iliyofuata, siku tatu kabla ya mwezi kuisha. Jumanne Robi aliitwa posta kupokea simu.

Mokaya alimwambia tisa za kwanza ni safi, na kwamba ya kumi ameisikiliza mara nne akiwa amefunga mlango. Kiti ni chake, kuanzia Juni. Lakini akaongeza swali, kama watu wa studio walivyo: wateja watataka sauti nyingine kama hizo, na tangi sasa limejaa. Je, ataweza kuzitengeneza bila tangi?

“Nikasema ndiyo kabla sijafikiria,” Robi anasema. “Sasa ndiyo nafikiria.”

Ameshaanza. Amemwandikia barua mwenye ghala moja kuukuu la pamba, ambalo halijaona pamba kwa miaka mingi, akiomba funguo kwa asubuhi mbili tu. Mtungi wa Roseline wa kuwekea nafaka ameshauingizia maiki, akagundua kwamba unashika sauti za chini vizuri kuliko alivyotarajia. Na mwezi ujao, kabla ya kwenda Kisumu, atapanda hadi Ntimaru akiwa na kinasa sauti begani. Amesikia kuna wazee wawili ambao bado wanapiga litungu. Safari hii hataenda mikono mitupu.

Kibandani, Joyline anaingia na jagi alilolijaza kwenye mfereji ulio nje ya soko. Robi anamimina maji kwenye glasi, anaiinua kwenye mwanga kuangalia kama yametulia, kisha anamsukumia mgeni wake, mwandishi wa habari hii, mezani, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo.

“Hii ndiyo ile studio yangu,” anasema. “Kunywa.”